Askari Asiyekimbia: Tathmini ya RoboCop: Rogue City

Dakika za mwanzo za RoboCop: Rogue City zinakuweka ndani ya kituo cha televisheni kilichotekwa na genge la watumiaji wa dawa za kulevya, na kabla hujafyatua risasi hata moja utakuwa umekwisha kuelewa gemu hii ni ya namna gani. Unasukuma kijiti cha padi ya kuchezea ukitarajia kwamba askari wako atatoka mbio, kwa sababu ndivyo zilivyotuzoesha gemu za kufyatua risasi kwa miaka mingi, naye hatoki mbio. Anatembea. Mguu unatua kwa kishindo, picha inayumba kidogo, na wahuni walio mbele yako wanapata muda wa kutosha kukuona, kushtuka, kukumiminia risasi na kugundua kwamba risasi zao zinadunda. Hakuna kitufe cha kuruka. Hakuna kuchuchumaa nyuma ya meza wala kujibanza kwenye kona ukisubiri hali itulie. Mwanzoni nilidhani padi yangu imeharibika. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeegemea kiti, nikitabasamu peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimeona kwamba walioitengeneza gemu hii waliitazama filamu ya RoboCop kwa makini kuliko nilivyowahi kuitazama mimi.

Watu hao ni studio ya Teyon ya Poland, na mchapishaji wao ni kampuni ya Nacon ya Ufaransa. Gemu ilitoka tarehe 2 Novemba 2023 kwa ajili ya PlayStation 5, Xbox Series X na S, pamoja na kompyuta zinazotumia Windows. Sitaficha kwamba niliposikia ni kazi ya Teyon nilikunja uso. Hawa ndio waliotoa gemu ya Rambo mwaka 2014, ambayo mchezaji alikuwa akilenga tu huku mashine ikimsogeza kama abiria, na ambayo mimi binafsi nilishindwa kuimaliza. Mwaka 2019 wakatoa Terminator: Resistance, na hapo walionyesha kwamba wana jicho la kuona kile kinachopendwa katika filamu ya zamani, ingawa uchache wa fedha ulionekana kila pembe. Kwa hiyo sikuinunua Rogue City ilipotoka. Nilisubiri punguzo, nikaipata kwa bei iliyopungua sana, na leo nakiri kwamba hata kwa bei kamili nisingejutia.

Kwa asiyeijua, filamu ya RoboCop ilitoka Marekani mwaka 1987, ikiongozwa na Mholanzi Paul Verhoeven. Alex Murphy, polisi wa Detroit, anauawa kikatili na genge la majambazi. Kampuni kubwa iitwayo OCP, ambayo imekabidhiwa jeshi la polisi la jiji ili iliendeshe, inachukua kilichobaki cha mwili wake, inakitia ndani ya mashine, kisha inamrudisha mtaani akiwa mali yake. Anaongozwa na amri tatu zilizo wazi, yaani kuutumikia umma kwa uaminifu, kuwalinda wasio na hatia na kusimamia sheria, na amri ya nne iliyofichwa, ambayo inamzuia kumkamata kigogo yeyote wa OCP. Mimi niliiona kwanza kwenye kibanda cha video, katika kanda iliyochakaa yenye sauti ya mtafsiri juu yake, na kila yalipofika yale matangazo ya biashara ya kejeli ambayo Verhoeven aliyapachika katikati ya hadithi, mtafsiri hakuhangaika nayo. Alitumia nafasi hiyo kusalimia watu wake na kuisifia filamu itakayofuata. Hivyo nilikua nikiamini kwamba ile ni filamu ya roboti anayewashikisha adabu majambazi. Ukubwani ndipo nilipobaini kwamba ni filamu ya mfanyakazi ambaye mwajiri wake anammiliki hata baada ya kufa.

Teyon wanaijua filamu hiyo ya mfanyakazi. Hadithi yao wameiweka kati ya RoboCop 2 ya mwaka 1990 na RoboCop 3 ya mwaka 1993, na wakati wa tukio la kituo cha televisheni Murphy anapatwa na hitilafu ya akili mbele ya mateka: picha za maisha yake ya zamani zinamvamia, naye anaganda. OCP haimuulizi anaumia wapi. Inamfunga kifaa cha kumfuatilia, inamkabidhi bosi mpya anayeitwa Max Becker ambaye anaona mashine nyingine zingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na inampangia vikao na mwanasaikolojia, Daktari Olivia Blanche, ambaye anamuuliza maswali ambayo ni wewe mchezaji unayechagua majibu yake. Unaweza kujibu kama mashine au kama Murphy. Kikao cha kwanza nilijibu kama mashine kwa sababu nilihisi chumba kina masikio, na sijui gemu nyingine ya kufyatua risasi iliyowahi kunifanya niogope tathmini ya kazini.

Ule mwendo wa polepole una historia yake. Peter Weller, aliyemwigiza Murphy katika filamu mbili za kwanza, alifundishwa miondoko na Moni Yakim, mwalimu wa uigizaji bubu, na suti iliyobuniwa na Rob Bottin ilipofika kwa kuchelewa ikaonekana kwamba yale waliyoyafanyia mazoezi hayawezekani ndani ya mzigo ule; wakalazimika kupunguza kasi na kuyapanga upya. Kichwa kinageuka kwanza, kisha mabega yanafuata. Ukali wa RoboCop ulizaliwa katika uzito wa vazi, na gemu nyingi zilizomchukua shujaa huyu tangu ile ya Data East ya mwaka 1988 zilimfanya mtu mwepesi aliyevaa rangi ya chuma. Teyon walimrudisha Weller mwenyewe, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, watumie sauti yake na sura yake. Sauti imezeeka, hilo linasikika, lakini ule ukavu wake wa kutamka kila neno kama anasoma hati ya mashtaka umebaki palepale, na mara mbili tatu nilicheka kwa sentensi ambayo mwigizaji mwingine angeiharibu kwa kujaribu kuchekesha.

Tuje kwenye risasi, maana ndizo zinazouza gemu za aina hii. Silaha yako kuu ni Auto-9, bastola ile ile ndefu ya filamu, ambayo kwenye upigaji picha ilikuwa Beretta 93R iliyoongezewa mtutu. Haiishiwi risasi kamwe. Unachofanya ni kujaza tu. Ukilenga, skrini inafunikwa na mistari ya kijani na maadui wanang'aa kwa mzingo wao, kama vile unavyoona kupitia jicho la mashine. Ngoja nieleze chumba kimoja tu. Ni ofisi yenye safu za meza, monita za kioo kinene za miaka ya themanini, karatasi kila mahali. Nilivunja ukuta badala ya kupita mlangoni, muda ukapungua kasi, na wanne waliokuwa wamemzunguka mateka wakawa wamegeuka nusu. Wawili niliwapiga kichwani. Wa tatu nilimkaba kifuani kwa mkono mmoja, nikamrusha juu ya meza akaondoka na kila kilichokuwa juu yake. Wa nne aliyekuwa amejificha nyuma ya kabati nilimpiga kwa monita niliyoiokota. Karatasi zilikuwa bado zinaelea hewani wakati muziki wa Basil Poledouris, mtunzi wa muziki wa filamu ya kwanza, ulipopanda, nami nikasimama katikati ya ofisi ile iliyosambaratika nikitazama vumbi la plasta likishuka.

Ni ukatili, na hautazamiki na mtoto. Viungo vinakatika, damu inarukia kuta, na hilo ni uaminifu kwa Verhoeven, ambaye hakuwahi kuona aibu ya nyama. Anayemnunulia kijana wake wa darasa la sita gemu kwa kuangalia picha ya juu ya kasha ajue mapema.

Bastola hiyo inaboreshwa kwa ubao wa umeme ambao unapachika vipande vya chipu ili kupitisha nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Njia nyingine zinapita kwenye vituo vya faida, mathalani risasi za kutoboa deraya au kujaza magazini bila kusimama, na nyingine zinapita kwenye vituo vya hasara ambavyo lazima uvikwepe. Nilitumia muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri nikizungusha vipande hivyo kama mtu anayecheza dhumna, na nilipofanikiwa kuifanya bastola ifyatue mfululizo bila kujazwa nilijiona fundi. Tatizo ni kwamba ukishafika hapo hakuna sababu ya kuokota silaha nyingine yoyote. Bunduki za maadui zimetapakaa sakafuni, zimechongwa vizuri, na mimi kuanzia katikati ya hadithi nilizipita tu.

Upande wa ujuzi, pointi unazopata zinagawanywa katika maeneo manane, yakiwemo mapigano, deraya, uhandisi, upelelezi na saikolojia. Ukiweka pointi kwenye deraya, risasi zinaanza kuwarudia waliozifyatua. Ukiweka kwenye uhandisi, unafungua kasha la chuma bila kutafuta namba zake na unaigeuza mitambo ya ulinzi ipige wenyewe. Mimi nilikimbilia saikolojia na upelelezi kwanza, jambo ambalo wachezaji wenzangu waliniambia ni upuuzi katika gemu ya bunduki, na sasa naeleza kwa nini halikuwa upuuzi.

Nusu ya thamani ya Rogue City iko nje ya mapambano. Kati ya misheni kubwa unatolewa doria katika mtaa wa Detroit usiku, lami imelowa, taa za matangazo zinaakisiwa kwenye madimbwi, na kazi yako ni ya askari wa kawaida kabisa. Unaandika faini za magari yaliyoegeshwa mahali pasiporuhusiwa. Unamkuta kijana anachora ukutani kwa rangi ya kupuliza, naye anakutazama, mashine yenye uzito wa gari dogo, akisubiri uamuzi. Unaweza kumwandikia faini, kwa kuwa sheria ni sheria, au kumwonya na kumwacha aende zake, kwa kuwa umma unaotumikiwa ni pamoja na yeye. Gemu inaweka hesabu ya upande unaoegemea, na mambo kadhaa ya baadaye yanafuata hesabu hiyo, ikiwemo hatima ya watu ambao utakuwa umekwisha kuwazoea. Nilimwonya yule kijana. Gari la tajiri lililofuata nililiandikia faini bila huruma, na sijali kama huo ni upendeleo.

Kisha kuna kaunta. Sajini Reed, mkuu wa kituo mwenye mdomo mkali tangu filamu ya kwanza, anakuomba ushike zamu mapokezi. Fikiria jambo hilo: mashine iliyogharimu kampuni fedha isiyosemeka, inayoweza kupasua ukuta, imesimama nyuma ya kaunta ya polisi ikisikiliza raia mmoja baada ya mwingine. Wapo wenye shida za kweli, wapo waliokuja kulalamika kwa ajili ya kulalamika, na yupo ambaye ukimsikiliza vizuri unatambua kwamba kuna kitu anaficha. Unauliza, unachagua neno, unampa mtu haki yake au unamtoa mlangoni. Yeyote aliyewahi kusubiri RB katika kituo chochote cha polisi, akihamishwa kutoka benchi moja hadi jingine, atapata raha ya pekee kuwa upande wa pili wa kaunta ile. Afande wangu wa chuma alimsikiliza kila mtu hadi mwisho. Ilikuwa dakika kumi hivi bila risasi hata moja, na ndiyo sehemu niliyomsimulia mke wangu wakati wa chakula cha usiku.

Mwenzako wa filamu, Anne Lewis, anajeruhiwa vibaya na kulazwa. Polisi kituoni wanaamua kumpelekea kadi ya kumtakia nafuu, na wewe ndiye unayepewa jukumu la kuizungusha ili kila mmoja aandike neno. Unapita chumba cha kubadilishia nguo, unapita ofisini, unamkuta askari mmoja mmoja mahali pake, kila mmoja akiwa na uchovu wake na hasira yake dhidi ya OCP, na unanyoosha mkono wa chuma wenye kadi. Mwendo ule ule niliousifu kwenye mapambano hapa unafanya kazi nyingine kabisa. Ukiwa mzito na wa polepole, huwezi kupita watu kama upepo, unalazimika kuwafikia. Gemu za haraka hazina nafasi ya kadi ya namna hiyo, kwa sababu mchezaji angekuwa amekwisha kuruka dirishani.

Nimesifu vya kutosha, na kasoro zipo. Kubwa kwangu ni nyuso. Ngozi ya Murphy na chuma chake vimechorwa kwa umahiri unaostahili mtambo wa Unreal Engine 5, lakini raia wa kawaida wana midomo inayochelewa nyuma ya maneno yao na macho yanayotazama kitu kilicho begani mwako. Katika vikao vya Daktari Blanche, ambavyo vimeandikwa vizuri, ilinibidi mara nyingine nisikilize huku nikitazama pembeni. Mtaa wa doria nao ni ule ule mmoja. Unarudi pale tena na tena, na ingawa mabadiliko madogo yanaonyesha kwamba siku zimepita, ukifika mara ya nne unakijua kila kichochoro kama njia ya kwenda dukani.

Theluthi ya mwisho inachosha. Wahuni wa mitaani, ambao kila mmoja alikuwa na tusi lake na nywele zake, wanawapisha askari wa kukodiwa na roboti, na roboti akipigwa hakuna anachosema. Mapambano dhidi ya ED-209, lile dubwana la miguu miwili ambalo kwenye filamu liliangushwa na ngazi, ni kulizunguka huku ukilipiga na kuokota vya kujiponyea. Mara ya kwanza linatisha, baadaye ni kazi ya kumaliza zamu. Bosi wa mwisho simtaji ili nisimharibie mtu, ila nitasema kwamba ni pambano lenye makelele mengi kuliko akili, katika hadithi ambayo hadi hapo ilikuwa imetegemea akili.

Kuna kasoro nyingine ambayo wapenzi wengi wa RoboCop hawataiona kuwa kasoro. Gemu hii inampenda sana shujaa wake. Kejeli ipo kwenye taarifa za habari, kwenye matangazo, kwenye kampeni za umeya ambazo unaombwa kutoa neno lako, lakini ni kejeli inayotekenya tu. Verhoeven alikuwa akiuma. Katika filamu yake unaposhangilia Murphy anapoua, baada ya muda unajiuliza unashangilia nini hasa. Hapa unashangilia, unapewa alama za tathmini ya misheni, unaendelea. Nadhani Teyon waliogopa kumuudhi mteja wao, na kwa gemu inayosimulia habari za kampuni inayoogopa hasara, hilo lina uchungu wake.

Kwa upande wa ufundi, niliicheza kwenye kompyuta ya mezani ya miaka kadhaa iliyopita, picha nikiwa nimezishusha hadi daraja la kati, na iliendelea vizuri isipokuwa katika sehemu za moto na moshi mwingi, ambapo ilisita. Inahitaji nafasi ya takribani gigabaiti 50, na anayetegemea kifurushi cha simu apige hesabu kabla. Mimi niliipakua kwa usiku tatu baada ya mtandao wangu kukatika katikati na kunianzishia sehemu upya. Haina maandishi ya Kiswahili, na kwa kuwa mazungumzo ni mengi na yana uzito, asiyefuata Kiingereza atapoteza ile nusu ya thamani niliyoitaja. Nilijikuta nikimkumbuka yule mtafsiri wa kibanda, ambaye safari hii angekuwa na kazi kubwa na ya haki. Hadi jina la mtengenezaji wa mwisho lilipopita, nilikuwa nimecheza kwa saa 16, zikiwemo kazi zote ndogo ambazo nilizifuata kwa hiari.

Tarehe 17 Julai 2025, siku na mwezi ule ule filamu ilipotoka Marekani, Teyon na Nacon walitoa sehemu nyingine inayojitegemea, RoboCop: Rogue City – Unfinished Business, ambayo inamfungia Murphy ndani ya jengo refu la makazi la OCP liitwalo OmniTower. Inakupa nafasi ya kucheza kidogo kama Murphy akiwa bado binadamu, na kipande hicho ni kizuri. Ila risasi zimeongezeka na kazi za mtaani zimepungua, ghorofa moja inafuata nyingine, na nilipoimaliza sikuwa na raia hata mmoja wa kumkumbuka kama ninavyomkumbuka yule kijana wa rangi ya kupuliza. Mwenye fedha ya kununua moja tu achukue Rogue City ya kwanza, na akifika kituoni asiiruke zamu ya kaunta.